Nani Mwenye Udongo? Historia ya Makao na Mashamba Kando ya Mto Lukuga

(Mazungumzo ya redio kwa ajili ya amani, yaliyoandikwa ili yasomwe katika vikundi vya wasikilizaji vya Katanika na Kalemie)

Salamu za pekee kwa jamaa zilizofika Katanika na mtoto mgongoni na sufuria mkononi, zikiacha nyuma mashamba ya muhogo ambayo hayajavunwa.

Leo tutazungumza juu ya jambo linaloulizwa kila jioni kwenye moto, mara kwa sauti, mara kwa kunong'ona. Udongo ni wa nani? Aliyekimbia kijiji chake anauliza, nikirudi nitalikuta shamba langu? Mwenyeji wa Katanika anauliza, hawa wageni watalima kwangu mpaka lini? Na Mutwa anauliza, babu zangu walikuwa msituni kabla ya wote, mbona mimi sina hata kipande?

Redio si baraza la kukata kesi, na leo hatutamhukumu mtu. Lakini wazee husema asiyejua alikotoka hajui aendako. Basi tutazame namna watu walivyofika katika nchi hii ya Lukuga, namna walivyogawana udongo, na namna mgawanyo huo ulivyoharibika. Pengine tutaona mahali kamba ilipofungwa fundo, na pa kuanzia kulifungua.

Mto uliofunga mlango na kuufungua

Tuanze na mto wenyewe. Lukuga ndio mlango wa Ziwa Tanganyika. Mito mingi huingia ziwani, lakini ni Lukuga peke yake unaotoka. Unapita katika nchi ya Kalemie na Nyunzu kuelekea magharibi hadi mto Lualaba.

Mlango huo haukuwa wazi siku zote. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron alifika kwenye kinywa cha Lukuga akakuta kimezibwa na majani na matope. Mwaka 1876 Stanley naye alipita, akaona maji karibu yamesimama. Wakati huo ziwa lilikuwa likipanda mwaka hata mwaka. Kisha, karibu na mwaka 1878, maji yalivunja kizuizi. Mwaka 1879 mmisionari Hore alikuta mto unakwenda kwa nguvu. Katika miaka kumi na mitano iliyofuata ziwa lilishuka takriban mita 10, na ufuo uliokuwa chini ya maji ukawa nchi kavu.

Kwa nini nasimulia habari hizi? Kwa sababu sehemu za ufuo ambazo leo tunazigombania zilikuwa maji katika siku za babu wa babu zetu. Na mwaka 2024 ziwa lilipanda tena, likaingia katika nyumba za sehemu za chini za Kalemie, na watu waliojiita wenyeji wakabeba magodoro kichwani kama wakimbizi. Udongo wenyewe hutufundisha kwamba mwenyeji wa leo anaweza kuwa mgeni kesho.

Waliotangulia na waliofuata

Katika sehemu nyingi za nchi yetu, masimulizi ya Bantu wenyewe yanakubali kwamba Batwa walitangulia. Waliishi kwa kuwinda, kwa asali, kwa matunda na mizizi ya msitu. Hawakuweka mipaka ya mashamba kwa sababu hawakuwa na mashamba, lakini walijua kila kijito, kila mzinga wa nyuki na kila njia ya mnyama. Kujua huko ndiko kulikuwa kumiliki kwao.

Wakulima na wafua chuma nao si watu wa jana. Huko Sanga, kando ya Ziwa Kisale katika bonde la Lualaba, wachimbaji wa mambo ya kale waligundua makaburi ya wakulima na wavuvi yaliyoanza kuchimbwa karibu na karne ya 8. Kutoka pande hizo za magharibi jamaa nyingi zilisogea polepole kuelekea ziwani. Baluba walienea katika nchi za Kabalo, Manono na Nyunzu. Batabwa walishika Marungu na nchi ya Moba. Batumbwe na Baholoholo walikaa pande za Lukuga na ufuoni, na Babembe upande wa kaskazini. Wengine hawakusimama ufuoni, wakapanda mitumbwi. Ndiyo maana leo kuna Waholoholo ng'ambo, huko Tanzania, na Watongwe wa huko husimulia kwamba asili yao ni Kongo.

Kwa hiyo hakuna kabila hapa lisilo na habari ya safari. Tukiulizana nani alifika, jibu ni kwamba wote tulifika. Swali linalofaa zaidi ni hili: aliyefika alipokelewa namna gani?

Jembe la mgeni

Methali yetu inasema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu huicheka kana kwamba inamsema mgeni mvivu. Lakini ndani yake mna sheria ya ardhi ya wazee. Kumpa mgeni jembe ni kumwonyesha mahali pa kulima.

Desturi ilikuwa hivi. Mgeni alifika kwa mkubwa wa kijiji na zawadi yake, kuku au pombe au jembe la chuma. Akaulizwa ametoka wapi na kwa nini. Kisha alitembezwa mpaka mahali, akaonyeshwa kijito upande huu, kichuguu upande ule, mti mkubwa kule juu. Wazee walikuwepo, na vijana pia, ili ushuhuda usife na wazee. Tangu siku hiyo alichopanda kilikuwa chake, na watoto wake walilima baada yake. Yeye naye alileta mulambu, yaani heshima kwa mwenye udongo: mguu wa mnyama aliyewindwa, kikapu cha mavuno ya kwanza.

Tazameni mambo matatu. Kwanza, mgeni hakununua udongo, na mwenyeji hakuuza. Pili, mwenyeji hakuweza kumfukuza mgeni mwenye kushika desturi kwa sababu tu ya kukasirika. Tatu, mulambu ulikwenda na wajibu. Mkubwa aliyepokea mguu wa mnyama alipaswa kumlisha mgeni wakati wa njaa na kumtetea wakati wa shida. Mkono uliopokea ulikuwa ndio mkono uliotoa.

Tusiseme kwamba siku zile zilikuwa za peponi. Kulikuwa na watumwa, kulikuwa na vita, na Mutwa mara nyingi aliitwa mtu wa fulani, kama kitu cha nyumba. Mama mjane alikaa kwenye shamba kwa huruma ya ndugu wa marehemu. Tunataka kujifunza kwa wazee mema yao, na makosa yao tusiyarudie.

Mpala, mji wa waliokimbia

Katika karne ya 19 misafara ya pembe na watumwa ilivuka ziwa kutoka Ujiji, ikashukia Mtoa, ikaendelea hadi Kasongo na Nyangwe. Vijiji vingi vilichomwa, na watu wakatawanyika.

Mwaka 1883 Mbelgiji Émile Storms alifika Mpala, kusini ya Kalemie. Alifanya undugu wa damu na sultani Mpala, akapewa mahali pa kukaa. Lakini mgeni huyo hakukaa kama mgeni. Desemba 1884 watu wake walimshambulia sultani Lusinga wa Batabwa, wakamwua, na fuvu la kichwa chake likapelekwa Ubelgiji. Mwaka 1885 Mpala ilipita mikononi mwa Mapadri Weupe. Mwishoni mwa 1891 kapteni Jacques alijenga boma lililoitwa Albertville ili kupigana na Rumaliza na wafanya biashara wa watumwa, na vita hivyo vilikwisha mwaka 1894.

Kati ya matukio hayo kuna jambo moja ambalo mara nyingi tunalipita. Mpala na misioni nyingine za ufuoni zilijaa watu waliokombolewa kutoka utumwani na watu waliokimbia vita. Walikuwa wa makabila mengi, wenye lugha mbalimbali, bila ukoo wa kuwatetea. Kwa maneno ya leo tungewaita wakimbizi wa ndani. Walipewa mashamba, wakajenga, wakaoana, na wajukuu wao leo ni wenyeji ambao hakuna anayewauliza walitoka wapi. Ninyi wa Katanika si watu wa kwanza kufika katika nchi hii mikono mitupu.

Neno moja: "tupu"

Sasa tufike mahali fundo lilipokazwa. Tarehe 1 Julai 1885 Dola Huru la Kongo la mfalme Léopold lilitoa amri juu ya ardhi. Amri hiyo ilisema mambo mawili. Kwanza, hakuna ruhusa ya kuwaondoa wenyeji katika ardhi wanayoikaa. Pili, ardhi tupu ni mali ya Serikali.

Lakini ardhi tupu ni ipi? Mkulima aliacha shamba lake lipumzike miaka, akijua atalirudia. Mzungu alipita akaona majani, akaandika: tupu. Mutwa aliwinda katika msitu ule kila kiangazi. Mzungu hakuona nyumba, akaandika: tupu. Amri ya mwaka 1906 ilisema ardhi ya wenyeji ni ile wanayoikaa, wanayoilima au wanayoitumia kwa desturi zao, lakini aliyepima ni Bula Matari mwenyewe. Katanga ikawekwa chini ya Comité Spécial du Katanga mwaka 1900. Kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, CFL, iliyoanzishwa mwaka 1902, iliahidiwa haki juu ya hekta milioni 4 mashariki ya Kongo. Hakuna sultani aliyeulizwa.

Jambo hili halikutupata sisi peke yetu. Huko Marekani, kando ya mto Mississippi, wapo watu wanaoitwa Sauk. Mwaka 1804 watu wao wachache walitia alama kwenye karatasi huko St. Louis, na nchi yote ikahesabiwa imeuzwa. Wenzao wengi hawakujua. Mwaka 1832 mzee wao Black Hawk alivuka mto na jamaa zake, wanawake na watoto wakiwamo, kurudi kwenye mashamba yao ya mahindi. Walifuatwa na askari, na wengi wakauawa. Miaka 30 baadaye, mwaka 1862, sheria ya huko iliruhusu jamaa moja kupewa ekari 160 ikikaa na kulima miaka 5. Walowezi walifurahi, na huenda wengi wao walikuwa maskini wasio na hatia. Lakini waliambiwa udongo ni mtupu, na haukuwa mtupu.

Masultani na wakubwa wa vijiji mnaonisikiliza, shikeni fundisho hilo. Alama ya watu wachache kwenye karatasi inaweza kuwaondoa watu elfu.

Reli, medali na mipaka

Mwaka 1915 reli kutoka Kabalo ilifika ziwani, urefu wa kilometa 273. Watu wa Kabalo, Kongolo na Manono waliifuata. Bandari, makaa ya mawe ya Lukuga na baadaye kiwanda cha nguo cha Filtisaf viliwapa kazi wengi, na Albertville ikawa mji wa makabila yote.

Huko vijijini Serikali ya kikoloni ilipanga watu upya. Vijiji vilivyotawanyika vilisogezwa kandokando ya barabara ili kodi na kazi zipatikane kwa urahisi. Amri za mwaka 1910 na 1933 zilipanga masheferi na masekta, na sultani aliyetambuliwa alivishwa medali. Aliyevishwa medali alipata mpaka kwenye ramani. Asiyevishwa akawa mtu wa chini ya mwingine. Batwa, waliotembea msituni bila kijiji cha kudumu, kwa kawaida hawakupata medali wala mpaka. Desturi iliyokuwa kama uzi kati ya mgeni na mwenyeji ikageuzwa kuwa ukuta. Mulambu nao polepole ukaanza kufanana na kodi, yaani kutoa bila kurudishiwa.

Sheria inasema nini

Baada ya uhuru, sheria ya tarehe 20 Julai 1973, kifungu cha 53, ilisema kwamba udongo wote ni mali ya Serikali. Raia hupewa haki ya kuutumia, na haki hiyo huthibitishwa kwa hati iandikwayo na ofisi ya ardhi. Juu ya mashamba ya vijijini, sheria hiyo ilisema kwamba haki za wanaoyakaa kwa desturi zitapangwa na amri ya Rais. Amri hiyo iliyoahidiwa haikutolewa. Ndiyo sababu watu wa vijijini wamekaa miaka mingi kama mtu aliyeketi kwenye kiti chenye miguu miwili.

Hata hivyo hatuko uchi. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 34, inalinda mali ya mtu mmoja au ya jamii iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi. Sheria ya 1973 yenyewe inataka uchunguzi ufanyike kijijini kabla ya mtu kupewa ardhi ya shamba. Na sheria ya tarehe 15 Julai 2022 inatambua haki za Batwa, pamoja na haki juu ya ardhi wanayoikaa na kuitumia. Mwenye kusema kwamba Mutwa hana udongo kwa kuwa hana sultani, hasemi neno la sheria.

Moto uliotuchoma

Mnajua yaliyofuata kuliko mimi. Tangu mwaka 2013 huko Manono, kisha Nyunzu, kisha Kabalo na Kalemie, Batwa na Baluba walichomeana vijiji. Aprili 2015 kambi ya Batwa huko Nyunzu ilishambuliwa na watu wengi wakauawa. Vijiji vya Baluba navyo vilishambuliwa na watu wao wakauawa. Machozi hayana kabila.

Oktoba 2016, upande wa Kabalo, damu ilimwagika kwa sababu ya ushuru uliodaiwa kwa viwavi ambavyo Batwa walikuwa wameviokota. Viwavi, ndugu zangu! Lakini sasa tunaweza kuelewa. Mutwa aliona anatozwa kwa chakula cha msitu wa babu zake. Aliyetoza aliona anadai heshima ya mwenye udongo kama baba yake alivyodai. Wote wawili walikuwa wamebeba mabaki ya desturi moja iliyovunjika, kila mmoja kipande chake, na kipande kilichovunjika hukata mkono.

Tushike nini mkononi?

Mkutano wa amani uliofanyika Kalemie Februari 2017 ulitaka kamati za amani ziundwe vijijini, na zikaitwa baraza. Jina ni zuri, lakini baraza bila kazi ni benchi tupu. Hizi ndizo kazi ninazoziomba.

Kabla ya kurudi, jamaa moja ya Bantu na jamaa moja ya Batwa kutoka kijiji kimoja waketi pamoja, wataje mashamba na mipaka: kijito, kichuguu, mti, kaburi. Vijana waandike, wazee washuhudie pande zote mbili. Shamba la aliyekimbia lisiandikwe tupu. Tulilia Bula Matari alipotufanyia hivyo, basi sisi tusimfanyie jirani.

Wakubwa wa vijiji wasiuze wala kutia alama peke yao wakati wenyewe wako mbali. Karatasi ya ofisini ikishapita miaka 2 ni vigumu sana kuipinga, na aliyekimbia atarudi akute mlango umefungwa. Mama mjane aitwe kwenye baraza na jina lake liandikwe, kwa sababu mara nyingi yeye ndiye anayejua mpaka kuliko shemeji zake, maana ndiye aliyeulima.

Kwa wenyeji wa Katanika: mwonyesheni mgeni mahali, na mpatane mbele ya mashahidi atalima misimu mingapi na atatoa nini. Kwa wageni: aliyekupa jembe usimnyang'anye shamba. Mti wa miaka mingi usipandwe bila kuuliza. Na msitu wa viwavi na asali utengwe ujulikane, Mutwa aingie bila kuulizwa ushuru.

Ndugu wasikilizaji, Lukuga ulizibwa kwa majani na matope, ziwa likajaa mpaka likavunja mlango wake. Maneno ya udongo nayo yakizibwa moyoni hufanya vivyo hivyo. Afadhali tuyatoe barazani, kidogo kidogo, kama mto unaotembea. Amani ikae nanyi, Katanika, na katika vijiji vyote mlivyoviacha.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Jamaa yako ilifikaje mahali unapopaita nyumbani? Ilipokelewa na nani?
2. Katika kijiji chako mulambu ulikuwa nini, na mwenye kuupokea alidaiwa kufanya nini?
3. Ni alama gani za mpaka wa shamba lako ambazo jirani wa kabila lingine anaweza kuzishuhudia?
4. Nani kati yetu hajawahi kuitwa barazani juu ya ardhi? Tumwite kwa njia gani?